MZEE ALIYESTAAFU SI MTU ASIYE NA KAZI



Agosti iliyopita halmashauri yetu iliwatuma watu wawili waende Bamburi kumjulia hali mzee mmoja aliyekuwa mwanachama wetu kwa miaka 33. Hatutamtaja jina, kwa kuwa mwenyewe hakutaka kutajwa, na kwa kuwa mambo yake ni ya wengi. Wajumbe wetu walichukua sukari, majani ya chai na unga, kama ilivyo desturi. Njiani walikuwa wakisema, "Maskini mzee, tangu aache kazi hana la kufanya, siku kwake ni ndefu."

Walifika kwake upande wa Kiembeni siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, wakabisha hodi. Mzee hayuko. Mke wake akawakaribisha maji, akawaambia, "Leo ni Jumatano, yuko Mtambo kwenye bao. Kesho ana safari ya Mtwapa. Ijumaa baada ya sala huenda kutazama wagonjwa. Jumamosi ana mpira. Njooni Jumapili, na watoto wetu wa Nairobi watakuwapo."

Wajumbe wetu walirudi wakicheka, lakini kicheko hicho kilitupa mawazo. Sisi tulidhani twaenda kumsaidia mtu aliyeachwa na wakati, kumbe twapaswa kuomba nafasi ya kuonana naye kama tunavyoomba kwa meneja. Jumapili wakarudi. Waliyoyaona na kuyasikia siku hiyo ndiyo yaliyotufanya tuandike maneno haya.

JUMA LA MZEE

Kwanza yafaa mjue juma lake lilivyo.

Jumatatu ni siku ya bustani. Nyuma ya nyumba ana kipande cha ardhi kisichozidi hatua ishirini, na magunia aliyojaza udongo na samadi. Hapo ana mchicha, bamia na kunde. Baada ya masika kupita, wakati huu wa kusi, mboga hukubali vizuri kwa sababu jua si kali na manyunyu hayakatiki. Za ziada huwapa majirani.

Jumanne asubuhi huenda kupimwa presha, kisha alasiri hukaa barazani na vyombo vyake vya ufundi. Watoto wa mtaa humletea baiskeli, akina mama humletea pasi na redio. Alikuwa fundi wa mitambo, na mikono yake haijasahau. Hatozi ila bei ya kipuri.

Jumatano ni bao. Hili si la mchezo wa watoto, ni bao la kete 64 na mashimo 32, na wazee wa Mtambo hawamwonei huruma mtu. Mzee wetu ana daftari ambamo huandika kila aliyemfunga na kila aliyemfunga yeye. Alitwambia kwa uso mkavu kwamba mwaka huu hesabu si nzuri, lakini mwaka haujesha.

Alhamisi, maji yakiwa mazuri, huchukua mshipi akaenda mkono wa bahari wa Mtwapa. Wakati wa kusi bahari ya nje ni chafu, mawimbi ni makubwa na majani ya bahari hujaa ufukoni, kwa hiyo watu wa makamo yake hukaa mahali palipotulia. Siku nyingine hurudi na changu wawili, siku nyingine hurudi na habari tu.

Ijumaa ni sala, kisha yeye na wazee wenzake watatu huzunguka nyumba za wastaafu walio wagonjwa. Jumamosi hupuliza kipenga katika mechi za vijana wa mtaani, kwa sababu zamani alicheza timu ya kazini. Jumapili ni ya jamaa, harusi, hitima na barua, maana watu wengi humwendea awaandikie.

Basi, ndugu, huyo ndiye mtu tuliyesema hana la kufanya.

Na tusimsahau mama. Mmoja wa wajumbe wetu alimwuliza, "Na wewe mama, juma lako ni vipi?" Alikuwa akisuka ukili wa mkeka huku akichungulia chungu. Akajibu, "Mimi bado sijapewa barua ya kustaafu." Neno hili lilitupata. Mzee alipoacha kazi, kazi ya mama haikupungua hata punje. Iliongezeka, kwa sababu mume yupo nyumbani kwa chakula cha mchana na wageni wake wapo pia. Mzee mwenyewe alisikia, akanyamaza kidogo, kisha akainuka akaenda kuteka maji. Twatumaini hakuteka kwa sababu ya wajumbe tu.

WAGENI WA KIPUPWE

Nairobi na Limuru mwezi wa Julai na Agosti baridi huingia mifupani. Shule zikifungwa, watoto wa bara hutamani pwani. Kwetu huo ndio wakati wa upepo mwanana, tunaojifunika shuka usiku na kusema kuna baridi, nao wakija hutucheka kwa sababu kwao hilo ni joto.

Mwana wa mzee wetu anafanya kazi katika kiwanda huko Nairobi. Alikuja na mkewe na watoto watatu. Walipanda gari la moshi mpaka Miritini, kisha matatu mbili mpaka Bamburi. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la chini kutoka Nairobi ni shilingi 1,500 kwa mtu mzima, badala ya 1,000 ya hapo awali. Watu wazima wawili kwenda na kurudi ni shilingi 6,000, kabla ya kuhesabu watoto, chakula na zawadi. Hizo si fedha za kuchezea kwa mfanya kazi.

Sasa sikilizeni. Huyu kijana alifika Alhamisi usiku, na Jumapili jioni alikuwa akifunga begi lake. Alipewa siku tatu, tena kwa kuombaomba. Mkewe na watoto walibaki majuma mawili, yeye akarudi peke yake. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inampa kila mfanya kazi aliyetimiza miezi 12 likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka, yenye malipo kamili. Siku 21! Yeye alizungumza juu ya siku tatu kama mtu aliyepewa zawadi.

Katika siku hizo tatu, Jumamosi asubuhi babu aliwachukua wajukuu mpaka Haller Park. Mechi alimwachia mwenzake apulize kipenga, jambo ambalo si rahisi kwake. Aliwaonyesha watoto kwamba mahali pale palikuwa shimo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na mawe yake yalichimbwa hapo hapo, mpaka pakawa jangwa la mawe meupe lisilo na jani. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti. Alijaribu aina nyingi, zilizoshika zilikuwa chache, na iliyoshinda zote ni mvinje. Majani ya mvinje yakianguka ni magumu, hayaozi upesi, basi wakaletwa majongoo wakayala na kuyageuza kuwa udongo. Leo pana msitu, vidimbwi na wanyama.

Watoto walitaka zaidi habari za kiboko Owen, aliyeokolewa Malindi mwezi wa Desemba 2004 baada ya mawimbi ya tsunami, akaletwa hapo akiwa mtoto asiye na mama, akaenda kujibanza kwa kobe mkubwa aitwaye Mzee, aliyekadiriwa kuwa na miaka kama 130. Kiboko akawa haachani naye, akila naye na kulala naye. Babu aliwaambia wajukuu, "Mnaona? Hata kobe mzee hakuambiwa hana kazi."

Nasi twaongeza letu. Mtu aliyefanya kazi miaka 33 ni kama lile shimo. Kilichokuwa ndani yake kimechukuliwa, kimekwenda kujenga nyumba za watu. Mtu aweza kuliacha shimo likae wazi, likusanye takataka. Aweza pia kulipanda miti. Lakini msitu ule haukuota kwa maneno. Ulitaka miche, maji, miaka na fedha. Na uzee nao ni vivyo hivyo.

MANENO YA MWANA NA JIBU LA BABA

Jumapili, wajumbe wetu wakiwa wamekaa, kijana alisema neno mbele yao. Alisema kwa heshima, na kwa nia njema. "Baba, mimi nina kiwanja Kitengela, nataka kujenga. Nahitaji mtu wa kukilinda na kuwasimamia mafundi. Wewe huku huna kazi. Njoo ukae huko mwaka mmoja au miwili, nitakuwa nakupa kitu kidogo."

Mzee hakukasirika. Alijibu, "Mwanangu, kiwanja chako nitakuja kukitazama, na mafundi wako nitawakagua, maana najua hila zao. Nitakuja juma moja. Lakini usiseme sina kazi. Kazi niliyokuwa nayo ilikuwa ya tajiri, ikaisha. Hii niliyo nayo ni yangu, nami nimeingojea miaka 33."

Kijana akainamisha kichwa. Akasema, "Nisamehe baba. Nilisema vile kwa sababu kila mtu husema vile."

Hapo ndipo penye shabaha yetu. Kila mtu husema vile. Sisi wenyewe tulisema vile tukiwa njiani na kilo mbili za sukari.

JIRANI YAKE

Nyumba tatu kutoka kwa mzee wetu anakaa mwenzake. Walianza kazi mwaka mmoja, mahali pamoja, na umri wao ni sawa. Wajumbe wetu walipokwenda kumwamkia saa tisa alasiri alikuwa amelala. Mke wake alisema, "Msimwamshe, tafadhali. Anaingia zamu saa kumi na mbili." Mzee huyu wa miaka sitini na zaidi ni mlinzi wa lango usiku, tangu saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita kwa juma. Hizo ni saa 72. Na yeye pia alikuwa na wajukuu waliokuja kwa likizo. Wajukuu hao waliambiwa wasipige kelele mchana, kwa sababu babu amelala. Walikaa siku kumi, na babu walimwona akila na akivaa kabuti.

Kwa nini mmoja acheze bao na mwingine alinde lango? Watu hupenda kusema kwamba huyu alitumia fedha zake vibaya. Tumechunguza, si hivyo. Mzee wetu wa kwanza aliandikwa kazi ya kudumu tangu mapema, akaingizwa katika mpango wa malipo ya uzeeni uliopatikana kwa mkataba wa chama, na leo hupokea malipo ya kila mwezi. Si makubwa, lakini hayakosi. Mwenzake alifanywa kibarua miaka mingi. Kila miezi michache aliambiwa aondoke, kisha akaitwa tena lango lile lile kwa kazi ile ile. Alipoandikwa mwishoni, miaka iliyobaki ilikuwa michache. Alipoacha kazi alipewa fedha za mkupuo mmoja, na mwaka ule ule binti yake akaugua. Fedha zikaenda hospitali. Binti alipona, alhamdulillahi. Baba akanunua kabuti.

Na hapa lazima tujilaumu wenyewe. Miaka ile yote chama chetu kilikuwa wapi? Tulikuwa tukiwahesabu wanaolipa ada, na kibarua halipi ada. Tulimpita langoni kila asubuhi. Sheria ya mwaka 2007 inasema wazi kwamba kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja hana budi kuhesabiwa kama mfanya kazi wa mshahara wa mwezi, na haki zake zibadilike hivyo. Sheria ipo, lakini sheria haitembei yenyewe ikabisha hodi ofisini.

HESABU

Twataka kila mwanachama afanye hesabu ndogo hii. Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni, yaani NSSF, iliundwa mwaka 1965, ikawa hulipa kwa mkupuo. Kwa miaka mingi kiwango cha juu kabisa kilikuwa shilingi 200 kwa mwezi kwa mfanya kazi na 200 kwa tajiri. Hizo ni 400 kwa mwezi, 4,800 kwa mwaka. Hata kama mtu angalikatwa hivyo miaka 30 mizima, ni shilingi 144,000, bila faida. Gawanyeni kwa miaka ambayo mtu hutumaini kuishi baada ya kustaafu, mtaona kwa nini mzee anatafuta kabuti la ulinzi.

Sheria mpya ya mwaka 2013 ilikaa mahakamani miaka mingi, na makato yake yalianza Februari 2023, asilimia 6 kutoka kwa mfanya kazi na asilimia 6 kutoka kwa tajiri, kwa viwango vinavyopandishwa hatua kwa hatua. Wengi wetu tulinung'unika tulipoona hati ya mshahara, na sababu ya kunung'unika ipo, kwa kuwa mshahara wenyewe ni mdogo na makato ni mengi. Lakini yafaa tujue tunanung'unikia nini. Makato ya uzeeni ni mshahara wako unaokungoja mbele, na nusu ya fedha hizo hutoka mfukoni mwa tajiri. Kosa kubwa ni pale tajiri anapokata akakaa nazo, na wewe usiulize mpaka siku ya kuondoka.

Kwa mzee asiye na chochote, serikali ilianza mwaka 2018 kuwapokea wazee wa miaka 70 na zaidi katika mpango wa Inua Jamii, kwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Tulisema nauli ya watu wawili kwenda na kurudi Nairobi ni 6,000. Ina maana mzee atoe posho ya miezi mitatu ili amlete mwanawe na mkwewe wamwone.

MAMBO HAYA YALITOKA WAPI

Vijana wengine hudhani likizo na malipo ya uzeeni vilianguka kama embe. Mwaka 1856 waashi wa mawe wa Melbourne, huko Australia, waliweka nyundo chini wakaandamana, wakapata saa nane za kazi kwa siku. Hesabu yao ilikuwa rahisi: saa nane za kazi, saa nane za kulala, na saa nane za mtu mwenyewe. Ujerumani ilitunga sheria ya malipo ya uzeeni mwaka 1889, lakini umri uliowekwa ulikuwa miaka 70, na wafanya kazi wengi walikufa kabla ya kuufikia. Uingereza walianza kulipa Januari 1909, shilingi tano kwa juma, nako ni kwa wenye miaka 70.

Hapa kwetu mambo yalikuwa magumu zaidi. Serikali ya kikoloni na matajiri walimhesabu mfanya kazi wa Kiafrika kuwa mseja asiye na mke wala mtoto mjini. Mshahara ulipimwa kwa tumbo lake peke yake. Akizeeka, walisema, atarudi kwao, shamba litamlisha. Januari 1947 wafanya kazi wapatao 15,000 wa Mombasa waligoma, bandarini, relini na majumbani. Chege Kibachia, aliyekuwa kiongozi wa umoja wao, alikamatwa mwaka huo huo akapelekwa kuzuiliwa Kabarnet. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter, iliyowekwa na serikali hiyo hiyo ya kikoloni, ilikiri kwamba mshahara wa mseja haufai, yafaa mshahara wa kumtosha mtu pamoja na jamaa yake.

Basi mtu akisema leo, "Mzee arudi kwao akalinde shamba," au "akalinde kiwanja," ajue kwamba anasema maneno yale yale waliyoyasema wale wa zamani. Tofauti ni kwamba sasa yanasemwa na watoto wetu wenyewe.

WAZEE WA HOTELINI

Kuna ndugu watakaosema, "Bao, bustani na mshipi ni anasa. Hayo ni mambo ya Wazungu." Ndugu hao twawaomba waulize wanachama wanaofanya kazi katika hoteli za ufukoni Bamburi. Kila mwaka wakati wa kaskazi, kwao Ulaya kukiwa theluji, hoteli hizo hupokea wazee wa Kijerumani na wa Kiingereza wanaokimbia baridi. Wengi si matajiri. Waulizeni wanaowahudumia mezani, watawaambia: huyu alikuwa dereva wa basi, huyu alikuwa fundi wa bomba, huyu alifanya kazi relini. Wanalala kwenye kiti cha jua, wanasoma kitabu, wanatembea ufukoni, na jioni wanacheza karata. Hatujasikia mtu hata mmoja akisema wazee wale hawana kazi. Twawaita wageni, na twawachukulia mizigo yao.

Hatuwaonei kijicho. Walifanya kazi, na vyama vyao vilipigania uzee wao kabla hawajazaliwa. Twasema tu kwamba fundi wa bomba wa Kisauni naye ana mgongo kama wa fundi wa bomba wa Hamburg. Yeye haombi kiti cha jua. Anaomba Jumatano yake na Alhamisi yake, na wajukuu wamkute macho.

Wengine watasema, "Mtu akiacha kazi hufa upesi. Afadhali aendelee." Kweli, tumewazika wengi waliokufa muda mfupi baada ya kustaafu. Lakini tazameni juma la mzee wetu. Je, mtu huyo ameacha kufanya kazi? Analima, anatengeneza, anavua, anatembelea wagonjwa, anafundisha vijana kutii kipenga. Asilolifanya ni kuamriwa. Mzee akitaka kuendelea na kazi ya mshahara kwa hiari yake, Mungu ampe nguvu. Tunalopinga ni kulazimishwa na njaa.

TUNALOTAKA LIFANYIKE

Basi halmashauri ya gazeti hili inaweka mbele ya wanachama mambo haya, yajadiliwe katika mikutano ya matawi:

1. Kila mwanachama aombe taarifa ya NSSF mwezi huu, aone kama makato yake yamefika. Asiyejua njia amwendee katibu wa tawi. Asingoje miaka 59.

2. Kila tawi liandike majina ya vibarua wote wanaozunguka langoni, na siku walizofanya. Karatasi hiyo ndiyo silaha yetu. Yule mlinzi wa usiku tulimkosa, vijana walio nyuma yake tusiwakose.

3. Katika mkataba ujao tudai mafunzo ya kustaafu miaka miwili kabla, saa za kazi, na mke au mume aalikwe. Mtu afundishwe habari za fedha, na habari za bima ya afya pia, maana mfumo wa zamani wa NHIF ulikwisha mwaka 2024, na aliyekuwa akikatwa kazini sasa hujilipia mwenyewe.

4. Likizo ya siku 21 ichukuliwe, isiuzwe wala kuombwa kama sadaka. Matawi yapange zamu, ili wenye watoto shuleni na wazee wa mbali wapate siku zao wakati wa Agosti na Desemba.

5. Wastaafu wabaki katika daftari zetu bila ada. Waalikwe mkutanoni mara moja kwa mwezi. Wanakumbuka mikataba tuliyoisahau.

6. Nyumbani, kila mstaafu amwulize mke wake siku yake ya kupumzika ni ipi. Neno hili haliandikwi katika mkataba, lakini mama alituuliza, nasi hatukuwa na jibu.

Ndugu, mjukuu kumtembelea babu ni jambo dogo, hata haliandikwi magazetini. Lakini lataka vitu viwili. Lataka baba awe na likizo, na lataka babu awe na wakati wake. Tajiri akimnyima mmoja siku zake na kumnyima mwingine malipo yake, nyumba hiyo imekatwa pande mbili, na watoto watakua wakimjua babu kwa kabuti lake. Kwa hiyo kijana asiseme mambo ya uzeeni ni ya wazee, wala mzee asiseme mambo ya likizo ni ya vijana. Ni shauri moja.

Tumeahidi kurudi Bamburi kuwaona wazee wote wawili. Kwa yule wa kwanza tutapeleka habari mapema, na haitakuwa Jumatano. Kwa yule wa pili tutakwenda Jumapili, siku yake ya pekee, na katika kikapu tutatia karatasi za madai ya miaka yake ya ukibarua, tujaribu pamoja naye. Hatukumwahidi kushinda. Tumemwahidi kwamba safari hii hatutampita langoni.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi, halmashauri ya gazeti.